Maji machachu ya Australia na deni alilorithi mkulima

Msafiri anayetoka Perth kwa gari kuelekea mashariki, katika ukanda wa ngano wa Australia Magharibi, baada ya saa kadhaa huanza kukutana na maziwa yasiyo ya kawaida. Kwa mbali yanameta meupe kama unga uliomwagwa. Kwa karibu, moja lina rangi ya waridi, jingine ni la manjano, na la tatu lina kingo zenye rangi ya kutu. Ndege ni wachache na samaki hakuna.

Maji ya maziwa hayo yakipimwa, chumvi yake huweza kufikia mara saba au zaidi ya ile ya bahari. Hilo peke yake si ajabu, kwani maziwa ya chumvi yapo sehemu nyingi za dunia na Afrika Mashariki ina ya kwake. Ajabu ni uchachu. Kipimo cha tindikali, yaani pH, huwa 7 kwa maji yasiyoegemea upande wowote, na hushuka kadiri tindikali inavyoongezeka. Maji ya ndimu yako kwenye 2 na ushee. Baadhi ya maziwa ya huko Australia yamepimwa na kukutwa chini ya 2, na maji ya ardhini katika mabonde mengi ya eneo hilo yako chini ya 4. Ikumbukwe kwamba kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi, hivyo maji yenye pH ya 3 yana tindikali mara elfu kumi kuliko yenye pH ya 7.

Habari hii ingeweza kuachiwa wanajiolojia wajadiliane wenyewe kwa wenyewe. Lakini maji hayo hayakubaki kwenye maziwa yake. Katika karne iliyopita yalipanda kutoka chini na kuingia mashambani, yakaua ngano, yakaharibu mito na mabwawa, na wakulima walipochimba mitaro ili kuyaondoa, yakaenda kwa jirani. Hapo ndipo kemia inapogeuka kuwa suala la fedha, na ndipo mkulima wa Dodoma, Singida au delta ya Rufiji anapopata sababu ya kusikiliza.

Suala la kwanza ni asili ya chumvi yenyewe. Wengi hudhani ardhi yenye chumvi ni lazima iwe ilikuwa bahari zamani, au kwamba miamba yake ndiyo inayotoa chumvi. Kwa sehemu kubwa ya Australia Magharibi jibu ni rahisi zaidi: chumvi ililetwa na mvua. Upepo kutoka Bahari ya Hindi hubeba chembe ndogo sana za maji ya bahari, chembe hizo huingia mawinguni na kudondoka pamoja na mvua. Karibu na pwani kiasi hicho hufikia kilo mia moja na zaidi kwa hekta moja kwa mwaka, na hupungua kadiri mtu anavyoingia bara.

Kilo hizo huonekana si kitu. Tuchukue kilo 30 tu kwa hekta kwa mwaka, na tuzidishe kwa miaka 10,000, ambayo kwa umri wa ardhi ile ni kama jana. Jibu ni tani 300 za chumvi chini ya kila hekta. Vipimo vilivyofanyika kwa kuchimba udongo huko vimekuta mamia ya tani kwa hekta, na mahali pengine maelfu. Ardhi ni tambarare, mito ya kale imekufa na kubaki mlolongo wa maziwa makavu, mvua ni haba na jua ni kali. Chumvi iliingia kila mwaka na haikuwa na njia ya kutokea.

Waliojua ukweli huu mapema kwa kuumia mifuko ni wachimba dhahabu. Dhahabu ilipogunduliwa Kalgoorlie mwaka 1893, maelfu ya watu walikimbilia mahali ambapo maji ya ardhini hayanyweki. Maji yalichemshwa, mvuke ukakusanywa na kuuzwa kwa bei ya kuumiza. Serikali ililazimika kujenga bomba la zaidi ya kilomita 500 kutoka milima ya karibu na Perth, lililofunguliwa mwaka 1903, na hadi leo mji huo unaishi kwa maji yanayosukumwa kutoka mbali.

Kuhusu uchachu, maelezo yake yako kwenye ndoo ambayo mama yeyote wa Afrika Mashariki mwenye kisima cha maji ya chuma anaijua. Maji hutoka kwenye pampu yakiwa meupe kabisa. Yakikaa ndooni hadi jioni hugeuka rangi ya chai, na chini ya ndoo hutuama tope la kutu. Nguo nyeupe zikifuliwa kwa maji hayo huharibika. Watu hudhani ndoo ni chafu au pampu imeoza. Ukweli ni kwamba chuma kilikuwemo tangu mwanzo, kikiwa kimeyeyuka kwa sababu chini ya ardhi hakuna hewa. Kilipokutana na oksijeni, kikageuka kutu.

Kinachosahaulika ni kwamba kazi hiyo ya kutengeneza kutu huacha kitu nyuma yake. Kila chembe ya chuma inapojishika na oksijeni na maji na kuwa kutu, huachia haidrojeni, na haidrojeni hiyo ndiyo tindikali. Kwa hesabu ya wakemia, chembe moja ya chuma huacha chembe mbili za tindikali. Kwenye ndoo ya nyumbani kiasi hicho ni kidogo, na kwa kawaida maji huwa na kitu cha kukizima. Lakini pale ambapo maji yenye chuma kingi hupanda hadi juu ya bonde, yakakutana na hewa mwaka baada ya mwaka, kisha jua likayakausha na kuyafanya mazito zaidi, tindikali hujilimbikiza kama faida ya benki. Pale ambapo miamba ina madini yenye chuma na salfa pamoja, mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu salfa nayo ikikutana na hewa huzaa tindikali ileile iliyomo kwenye betri ya gari.

Swali linalobaki ni kwa nini Australia na si kila mahali. Jibu liko kwenye kile ambacho hakipo. Miamba ya kule ni granaiti ya kale sana, iliyooza kwa mamilioni ya miaka hadi kina cha makumi ya mita, na mvua za zama zote hizo zimekwisha kuosha karibu kila kitu chenye uwezo wa kuzima tindikali. Hakuna chokaa ya kutosha. Mfanyabiashara angesema hakuna akiba. Hasara ndogo ikitokea, mtaji wote unatikisika. Ndiyo maana pia ziwa moja linaweza kuwa chachu kama siki na jirani yake, mita mia kadhaa mbele, lisiwe na tindikali hata kidogo, kwa kuwa limekaa juu ya mfuko mdogo wa chokaa.

Tofauti na hapo, Ziwa Magadi la Kenya na Ziwa Natron la Tanzania yako upande wa pili kabisa wa kipimo, kwenye pH ya 9 hadi 10 na zaidi. Bonde la Ufa lina miamba michanga ya volkano, na maji yanayopita humo hubeba sodiamu na bikaboneti kwa wingi. Jua linapoyakausha, hubaki magadi, yale yale yanayotiwa kwenye maharage. Kiwanda cha Magadi kimekuwa kikivuna utajiri huo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Wanakemia Lawrence Hardie na Hans Eugster, ambaye alifanya kazi nyingi Magadi, walionyesha mwaka 1970 kwamba hatima ya ziwa huamuliwa mapema sana, maji yakiwa bado karibu matamu: kile kilichomo kwa ziada kidogo mwanzoni ndicho kitakachotawala mwishoni. Tofauti ndogo isiyoonja hata ulimi huishia kuwa tofauti ya ndimu na magadi.

Hadi hapo hakuna wa kulaumiwa. Maziwa machachu ya Australia yalikuwepo kabla ya jembe, na wenyeji wa asili wa kusini-magharibi, Wanoongar, waliishi na nchi hiyo kwa makumi ya maelfu ya miaka. Mabadiliko yalikuja na ngano.

Misitu na vichaka vya asili vya eneo hilo, hasa mikaratusi ya aina nyingi, vina mizizi mirefu na hunywa maji mwaka mzima. Karibu kila tone la mvua lililonyesha lilinyonywa na kurudishwa hewani. Kiasi kilichopenya hadi kwenye maji ya chini kilikuwa chini ya milimita moja kwa mwaka. Chumvi ikabaki imelala chini, kavu au nusu kavu, kama mkopo ambao haujadaiwa. Ngano ni tofauti. Mizizi yake ni mifupi, na kwa karibu nusu mwaka haipo shambani. Maji ambayo mti ungeyanywa yakashuka, yakaamsha chumvi, na kina cha maji ya ardhini kikaanza kupanda, mahali pengine kwa sentimita 20 au hata 30 kwa mwaka.

Kwa mwendo wa sentimita 20, maji yaliyokuwa mita 10 chini huchukua miaka 50 kufika juu. Baba hufyeka, huvuna na kusifiwa kwa bidii. Mwana ndiye anayeamka asubuhi na kukuta doa jeupe katikati ya shamba, mahali ambapo shayiri haioti wala ngano haioti.

Lililo chungu zaidi katika kisa hiki ni kwamba hakikuwa siri. Mhandisi mmoja wa reli, W. E. Wood, alikuwa na jukumu la kuhakikisha injini za mvuke zinapata maji yasiyoharibu mabwela yake. Aligundua kwamba mabwawa ya reli yalikuwa yakigeuka kuwa ya chumvi baada ya miti iliyoyazunguka kufyekwa. Mwaka 1924 alichapisha maelezo yake katika jarida la kisayansi la Australia Magharibi, akionyesha wazi uhusiano kati ya kufyeka msitu na kupanda kwa chumvi. Chanzo, njia na matokeo, vyote vilikuwa vimeandikwa.

Ilichofanya serikali ya jimbo baadaye kinajulikana. Katika miaka ya 1950 na 1960 ardhi ilifunguliwa kwa kasi iliyofikia ekari milioni moja kwa mwaka, na ekari hizo milioni zikawa kaulimbiu ya maendeleo. Kwa wengi, sharti la kumilikishwa ardhi lilikuwa kufyeka, asiyefyeka angenyang'anywa. Mkulima hakuonyeshwa hesabu ya upande wa pili. Alionyeshwa bei ya ngano, bei ya mbolea na bei ya trekta. Maji yaliyokuwa yakipanda polepole chini ya miguu yake hayakuwa na mstari kwenye daftari.

Mwaka 1976 jimbo lilianza kuzuia kufyeka katika bonde la bwawa la Wellington, kusini mwa Perth, kwa kuwa maji yake yalikuwa yakizidi chumvi. Wakati huo sehemu kubwa ya ukanda wa ngano ilikuwa tayari imekwisha. Tathmini ya kitaifa iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikadiria kuwa hekta milioni 5.7 za Australia ziko katika hatari ya chumvi, nyingi zikiwa Australia Magharibi, na kwamba zingeweza kufikia milioni 17 ifikapo 2050. Serikali ya shirikisho na majimbo yalitangaza mwaka 2000 mpango wa dola za Australia bilioni 1.4 kwa miaka saba.

Utabiri huo haujatimia kwa kasi iliyohofiwa, na ni haki kulisema hilo. Lakini sababu yake kubwa haiwezi kumfurahisha mkulima: mvua za kusini-magharibi mwa Australia zimepungua sana tangu miaka ya 1970, hivyo maji yanayopenya nayo yamepungua. Mgonjwa amepata nafuu ya homa kwa sababu amekosa chakula. Hata hivyo zaidi ya hekta milioni moja katika jimbo hilo zimekwisha kuathirika, na hazirudi kirahisi.

Ndipo inapokuja mitaro. Mkulima anayeona shamba lake likififia hawezi kusubiri miti ikue. Wengi walikodi mitambo na kuchimba mitaro ya mita mbili hadi tatu kwenda chini, ili maji ya chumvi yatoke na udongo upumue. Maelfu ya kilomita za mitaro zimechimbwa katika ukanda huo. Kwa shamba lililo juu, mara nyingi mtaro husaidia: kina cha maji hushuka, mvua huosha chumvi, na shayiri hurudi.

Lakini mtaro hufanya kazi ile ile ya ndoo, kwa ukubwa wa kutisha. Huyatoa maji yenye chuma mahali pasipo na hewa na kuyaanika. Pengine maji huingia mtaroni yakiwa tayari na pH ya 3, pengine huchachuka yakiwa njiani. Tindikali huyeyusha aluminiamu kutoka kwenye udongo wa mfinyanzi, na pamoja nayo madini kama risasi, shaba, zinki na nikeli. Maji hayo hula zege la makalvati na mabomba. Yakifika kwenye kijito au ziwa lililokuwa na uhai, huua. Mwenye mtaro amepata hekta zake. Aliye chini amepata maji ambayo hakuyaomba. Wachumi wana jina refu la jambo hili, lakini kijijini linajulikana kama kufagia uchafu kwenda mlangoni kwa mwenzio.

Sheria za jimbo zilijaribu kulishughulikia. Kanuni za hifadhi ya udongo za mwaka 1992 zinamtaka mwenye shamba anayetaka kutoa maji ya chumvi kwa mtaro au pampu kutoa taarifa siku 90 kabla ya kuanza. Ni hatua nzuri, ila taarifa si fidia. Mtaro uliokwisha kuchimbwa hauzibwi kwa barua.

Dawa ya moja kwa moja ni chokaa, na imejaribiwa. Hapa napo kemia ina mtego ambao umewagharimu wengi. Maji yenye pH ya 4 huonekana ni rahisi kuyatibu kuliko yenye pH ya 3, na mtu hununua chokaa kwa kuangalia namba hiyo. Lakini pH hupima tindikali iliyo wazi tu. Chuma na aluminiamu vilivyoyeyuka ni tindikali iliyofichwa, ambayo hujitokeza kadiri madini hayo yanavyotuama. Mtu hutia chokaa, pH hupanda, kesho yake imeshuka tena. Isitoshe, kutu na ukoko mweupe wa aluminiamu huganda juu ya punje za chokaa na kuzifunika, zikabaki kama mawe ya kawaida. Fedha iliyotumika kununua chokaa hiyo haitarudi.

Kuna waliochagua njia nyingine: kupanda mikaratusi yenye mizizi mirefu kwa safu katikati ya mashamba ya nafaka, kuotesha vichaka vinavyostahimili chumvi kama malisho ya kondoo, na katika maeneo machache yenye thamani ya pekee kusukuma maji kwa pampu bila kukoma. Ziwa Toolibin, mojawapo ya maziwa ya mwisho ya maji baridi katika ukanda huo, linalindwa kwa pampu na mfereji wa kuchepusha maji ya chumvi. Linahitaji matumizi kila mwaka ili kupata kile ambacho miti ilikuwa ikikifanya bure.

Ni kweli pia kwamba maziwa haya yana marafiki. Roboti iitwayo Opportunity ilipotua kwenye sayari ya Mars mwaka 2004 na kukuta madini ambayo hutokea penye maji yenye tindikali, watafiti walirudi kwa hamu kwenye maziwa ya Australia Magharibi, kwa kuwa madini ya namna hiyo yanaundika humo sasa hivi. Vijidudu vinavyoishi humo vimekuwa somo zima. Utafiti huo umesaidia sana kuelewa kemia yake, ingawa mkulima aliye chini ya mtaro alikuwa na swali dogo zaidi kuliko la Mars.

Kwa Afrika Mashariki, itakuwa kosa kuchukua kisa hiki jinsi kilivyo na kukibandika hapa. Maji ya chumvi ya Dodoma na Singida hayana sifa ya uchachu wa Australia, na kwenye Bonde la Ufa tatizo ni magadi na floraidi. Mkulima wa tambarare za Kahe mkoani Kilimanjaro, ambako kuna udongo wa magadi, hahitaji chokaa. Udongo wa namna hiyo hutibiwa kwa jasi, inayochimbwa Makanya, wilayani Same, si mbali na hapo. Mshauri anayekuja na dawa moja kwa kila udongo mweupe anauza dawa tu.

Kuna hata hivyo mahali ambapo kemia ni ile ile. Tope la mikoko limejaa chuma na salfa vilivyofungiwa pasipo na hewa. Likibaki chini ya maji halina madhara. Likikaushwa kwa ajili ya mpunga au mabwawa ya chumvi na samaki, hewa huingia na tindikali huzaliwa. Katika delta ya Rufiji wakulima wamekuwa wakifyeka mikoko kwa ajili ya mpunga kwa miongo mingi, na mashamba ya namna hiyo kwa kawaida hayadumu. Yeyote anayepanga kuingiza mtaji mkubwa kwenye mabonde ya pwani anapaswa kujua kilichomo kwenye tope hilo kabla ya kuleta katapila.

Kuhusu katapila, Tanganyika ilikwisha kutoa somo lake. Katika miaka ile ile ambayo Australia ilikuwa ikijiandaa kufyeka ekari zake milioni, Waingereza walianza mwaka 1947 mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakilenga zaidi ya ekari milioni tatu. Kongwa haikushindwa kwa chumvi. Ilishindwa kwa udongo wa mfinyanzi uliokuwa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi na kwa mvua zisizotabirika, mambo ambayo upimaji wa kutosha ungeyaonyesha. Mradi uliachwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Kilichofanana na Australia ni mpangilio wa kazi: mashine kwanza, vipimo baadaye.

Leo ardhi inafunguliwa tena, kwa kilimo cha umwagiliaji, kwa visima virefu na kwa mashamba makubwa katika mikoa ya kati ambayo nayo imekaa juu ya granaiti ya kale. Kisima kirefu ni mtaro uliosimama wima. Nacho huyatoa maji mahali pasipo na hewa. Mara nyingi mkataba wa kuchimba huhesabu mita na lita kwa saa, na mchimbaji hulipwa maji yakiruka. Kemia ya maji hufuata baadaye, kama inafuata. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imezipa bodi za mabonde mamlaka ya kutoa vibali, na Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani. Vyombo vipo. Kinachotakiwa ni kwamba malipo ya mwisho ya mchimbaji yasitoke kabla ya karatasi ya maabara, na kwamba karatasi hiyo isiishie kwenye chumvi na pH pekee bali ionyeshe chuma, aluminiamu, sodiamu, bikaboneti na floraidi. Vivyo hivyo kwa mradi wa umwagiliaji: kabla ya mfereji wa kuleta maji, ijulikane mfereji wa kuyatoa utaishia kwa nani, na huyo aliye mwishoni awe amekaa mezani wakati mkataba unasainiwa.

Kwa mkulima ambaye hawezi kusubiri maabara, kuna jaribio la gharama ndogo. Achukue chupa ya plastiki isiyo na rangi, aijaze maji kutoka kwenye pampu baada ya pampu kukimbia kwa muda, na apime pH papo hapo kwa karatasi za kupimia. Kisha aiache wazi kivulini kwa siku kadhaa, akiitikisa mara kwa mara ili hewa iingie, na apime tena. Kama maji yamebaki yalivyokuwa, hilo ni jambo jema ingawa halimalizi yote. Kama yamegeuka rangi ya kutu na namba imeshuka kutoka 6 hadi 4 au chini ya hapo, asinunue mabomba ya chuma, asiyamwagie mazao, na asichimbe mtaro kuyapeleka popote mpaka mtaalamu ayaone.